Jogoo Aliyewika Bani Malik

Siku niliyopewa kazi ya udalali, agizo la kwanza lilikuwa nisipige kelele. Nilishangaa hadi nikacheka. Dalali asiyepiga kelele! Kwetu Taveta, dalali wa mnada wa mavuno alichaguliwa kwa ukubwa wa koo. Asiposikika mpaka sokoni, wazee walikuwa wanamtoa na kumweka mwingine.

Kwa nyinyi vijana mnaotuma sadaka kwa simu, nitaeleza. Sisi Walutheri, ibada ikiisha, vitu vilivyoletwa madhabahuni, yaani mayai, mkungu wa ndizi, kuku, vinatolewa uani na kupigwa mnada. Mnunuzi mwenye moyo, akishalipa, anasema, "Narudisha mezani." Basi mayai yale yale yanauzwa tena, na tena, mpaka watu wachoke au mayai yavunjike. Mgeni akitutazama atadhani tumerogwa.

Mimi nilifika Riyadh miaka ile maajenti walipokuwa wakituvuna kama kunde. Kazi ya mshahara ilikuwa udereva wa nyumba: watoto shuleni, madam dukani, baba uwanja wa ndege. Hiyo sitaisimulia, haina utamu. Kazi ninayotaka muijue haikuwa na mshahara hata wa soda. Ilikuwa kuongoza tawi. Tawi ni kikundi chetu cha umoja wa wanaume Walutheri, madereva na walinzi na vibarua, tuliokutana Ijumaa katika chumba cha kupanga. Hatukuwa na kibao mlangoni wala kengele, na msiniulize kwa nini. Nchi ya watu ina taratibu zake.

Mkubwa wangu wa kwanza tulimwita Mlezi, fundi wa viyoyozi mwenye mvi, mwenyeji wa Kisii. Ndiye aliyenikabidhi trei ya mayai Ijumaa ile.

"Hapa dalali ananong'ona," akaniambia. "Bei inapandishwa kwa vidole. Ukifurahi, furahia tumboni."

"Na nikisahau, Mzee?"

"Ukisahau, wote tutakumbushwa tukiwa ndani ya ndege ya kurudishwa."

Basi nikanong'ona. Haki ya Mungu, sijawahi kuona jambo kama lile. Wanaume wazima wameketi kwenye zulia, vidole vinapanda na kushuka, hakuna hata anayekohoa, na mtu niliyejua anakunywa chai kavu wiki nzima anainua kidole, analipa, kisha anaonyesha meza kwa kidevu. Narudisha. Nilitoka pale nimeduwaa. Kwa mnada ule tulipeleka wagonjwa hospitali, tukasafirisha maiti, tukawapa nguo waliotoka kazini na nguo za mwilini tu. Mlezi alinifunza kwamba kiongozi wa kujitolea hula mwisho na husema mwisho. Kula mwisho niliweza. Kusema mwisho, hapana, mdomo wangu hauna breki.

Kisha kafili wangu, yaani mwajiri aliyeshika karatasi zangu, akahamia Jeddah na familia yake, nami nikahama pamoja na masufuria. Tawi la huko lilikutana mtaa wa Bani Malik, ghorofa ya tatu ya jengo lililojaa watu wa mataifa yote. Mwenyekiti alikuwa mwendesha kreni, mtu wa maneno machache. Katibu alikuwa karani wa ghala, mtu wa katiba. Ukipiga chafya angekuuliza ni kifungu gani. Na chini kwenye ngazi alikaa bawabu wa jengo, mzee wa Kiyemeni tuliyemwita Ammi Saleh, yaani baba mdogo Saleh. Huyo tulimwogopa kuliko tulivyoogopa joto. Alikuwa haongei, anakutazama tu viatu vyako vikipanda. Tuliingia mmoja mmoja, tukatoka mmoja mmoja, na kila tukipita tulimwamkia kama watu wenye deni.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Nyumbani kwa jirani wa bosi wangu kulikuwa na dada wa kazi, Mwanahamisi, Mdigo wa Kwale. Siku moja alipandishwa juu ya paa kusafisha tangi la maji, akateleza. Nilikuwa naosha gari. Nilisikia kishindo, nikafikiri ni gunia. Loo! Si gunia, ni mtoto wa watu, nyonga imevunjika, na hata sauti ya kulia hana. Nilimbeba kwa gari la bosi bila kuomba ruhusa. Njiani alinishika mkono wa shati akasema, "Kaka, usiniache nife huku. Mama yangu hana mwingine." Nikasema sitakuacha. Mnajua mdomo wangu.

Baada ya kulazwa, madam wake alimgongea huruji, kibali cha kutoka nchini moja kwa moja, akasema mengine tujionee wenyewe. Kibali chenyewe kina mwisho wake. Kikiisha, uanze upya, na kuanza upya kungeweza kuchukua miezi, naye amelala kwenye godoro la akina dada wa mtaa wa Kandara, pale pale Jeddah, waliomhifadhi, mguu hausogei. Tena hakuweza kuketi, na ndege humtoza anayesafiri amelala viti kadhaa. Nililipeleka jambo hili kwenye tawi nikijua limekwisha.

Katibu akafungua faili. "Jina lake?"

"Mwanahamisi."

"Ni mwanachama?"

"Katibu, ni mwanamke. Hili ni tawi la wanaume."

"Ni mke wa mwanachama? Dada wa mwanachama? Ni Mlutheri?"

"Ni Mwislamu."

Akafunga faili. "Basi huyu si wetu. Ana watu wake."

Jamani! Nilihisi kama nimepigwa kofi. Nilisimama, nikasahau kunong'ona, nikamwambia maneno ambayo mchungaji akisoma hapa nitatengwa. Mwenyekiti ndiye aliyeniketisha. Akamgeukia Katibu, akamuuliza kwa upole, "Ndugu, nyonga iliyovunjika ina dhehebu gani?" Mwenyekiti akatangaza kwamba mnada wa mavuno wa Ijumaa ijayo, ule mkubwa wa mwaka, wote utakuwa wa Mwanahamisi. Ukishindikana, kibali kitaisha kabla ya Ijumaa nyingine. Hatukuwa na mnada wa pili.

Kwa kawaida tulileta vitu vya kimya: mayai, unga, sukuma wiki iliyooteshwa kwenye madebe. Lakini tulikuwa na mgeni, Ombati, mlinzi wa shamba la kuku nje ya mji. Yeye alikuwa amesikia tu kwamba ni mavuno. Akafanya kama kwao. Ijumaa hiyo akapanda ngazi na boksi la feni, akalifungua mbele yetu, akatoa jogoo. Jogoo mzima! Mwekundu, shingo ndefu, macho ya hakimu.

"Ombati!" nikasema. "Umetuletea polisi!"

"Si ni mavuno?" akauliza, naye ameshangaa kuliko mimi.

Ajabu ni kwamba Katibu ndiye aliyetutuliza. "Acheni hofu. Jogoo wa shamba hawiki mjini."

Wote tukaguna kwa kicheko. Na nawaambia ukweli, yule jogoo aliwapandisha watu mori. Walikuwa wamechoka na mayai. Nilipomwinua, harufu ya nyumbani ikajaa chumba, vidole vikaanza kupanda. Kauzwa, karudishwa. Kauzwa, karudishwa. Mwenyekiti mwenyewe alimnunua mara mbili. Nikaanza kuona ndege kwa mbali, Mwanahamisi ndani yake. Fedha bado hazijatosha, lakini njia imeonekana.

Ndipo jogoo akanyoosha shingo mkononi mwangu akawika.

Hakuwika kidogo. Aliwika kama amelipiwa. Ombati akamrukia na koti, jogoo akawika ndani ya koti. Tukasikia viatu kwenye ngazi, polepole, vikija juu. Mlango ukagongwa.

Mwenyekiti akafungua. Ammi Saleh akasimama pale na kilemba chake chekundu begani, akatutazama mmoja mmoja, na faili, na meza, na mimi na koti linalopiga mabawa. Nilimwona Mwanahamisi kwenye godoro la Kandara, akisubiri mtu aliyesema sitakuacha.

"Kwa kiasi gani?" akauliza kwa Kiarabu.

Maneno niliyajua, sikuelewa anauliza bei ya nini. Akaonyesha koti. Nikamtajia bei ya mwisho. Akatoa noti mfukoni, akaniwekea kiganjani, akamchukua jogoo kwapani.

"Halas, yamekwisha," akasema. Akashuka naye.

Hatukukamatwa, tungepaswa kushukuru, lakini sisi tulitazama meza tupu. Jogoo hakurudishwa! Mnunuzi amelipa, ameondoka na mali yake, kama watu wengine wote duniani wanavyofanya, nasi tulikuwa hatujawahi kuona jambo hilo kwenye mnada wetu. Tulimtegemea jogoo yule azunguke mpaka jioni. Nilijaribu kuuza unga, vidole havikuinuka tena. Hofu ilikuwa imeshaingia. Wakaanza kutoka mmoja mmoja.

Tulibaki watatu, Mwenyekiti, Katibu na mimi. Kilichopatikana hakikutosha hata nusu ya safari. Katibu akasema, "Jogoo wa Walutheri analiwa kwa wali saa hizi." Nilikuwa natafuta maneno ya kwenda kumwambia Mwanahamisi, na mimi maneno huwa sikosi. Nikakosa. Nikalia, ndiyo, mtu mzima nikalia.

Jua lilikuwa limelegea viatu viliporudi kwenye ngazi. Ammi Saleh hakugonga mara hii. Aliingia, jogoo yuko kwapani, mzima, na mkononi ameshika kilemba chake kimefungwa fundo. Akakiweka mezani, akakifungua. Noti na sarafu zikamwagika mpaka zingine zikaanguka sakafuni.

"Wamisri wa ghorofa ya kwanza wamemnunua, wakarudisha," akasema. "Wabangali wa ghorofa ya pili, wamenunua, wakarudisha. Fundi cherehani alikuwa mkali, nikamweleza, akanunua mara mbili. Muuza mikate pale nje pia. Wote nimewaambia, ni binti aliyeanguka kutoka paani, anataka kwa mama yake." Akapangusa jasho. "Sasa nyinyi watu, niambieni. Huyu jogoo mwishowe huwa wa nani?"

Nikamjibu kwa swali, "Ammi, wewe umejuaje kurudisha?"

"Miaka yote hii nakaa kwenye ngazi. Kila mtu akitaka kupanda huku Ijumaa namwambia mafi mtu, hakuna mtu, chumba kitupu. Mnadhani nakaa nasikiliza nini? Kiswahili chenu nimekiokota pale ngazini, mayai yenu yote nayajua." Kisha uso wake ukabadilika kidogo. "Wiki iliyopita mlipiga kelele. Nilisikia jina la binti. Nilisikia pia mmoja wenu akisema ana watu wake. Kweli. Nimekwenda kuwatafuta."

Katibu aliinamisha kichwa. Halafu akainuka, akavuta kiti chake, kile cha ukatibu ambacho hakuruhusu hata Mwenyekiti akikalie, akakipangusa kwa mkono wa shati. "Ketini, Ammi," akasema. Mzee akaketi, jogoo mapajani.

Mwanahamisi aliondoka kabla kibali hakijaisha. Pale uwanja wa ndege aliniuliza akiwa machelani, "Kaka, nani amenilipia?" Nikamwambia, jogoo, aliyewika tukinong'ona kwa kumwogopa bawabu. Alicheka mpaka akashika nyonga kwa maumivu. Na yule jogoo, Mwenyekiti aliamua ni wa Ammi Saleh, naye akamweka juu ya paa la jengo. Miaka yote niliyobaki Jeddah, tulipanda ngazi zile jogoo akiwika juu ya vichwa vyetu, na hakuna aliyetushuku, kelele zote zilikuwa zake.

Nimestaafu sasa, nipo Taveta na magoti yangu. Mavuno yaliyopita wazee walinipa udalali, eti mimi nina uzoefu wa nje. Nikainua trei ya mayai uani, nikaanza. Watu wakaangua kicheko. "Mzee, hatusikii!" Nikajaribu tena, ikatoka ile ile ya Bani Malik. Koo limezoea. Nikaona aibu, nikataka kumwachia mwingine.

Langoni akasimama mwanamke wa buibui, anachechemea kidogo, kwapani ameshika jogoo mwekundu. Miaka yote tulikuwa tunapigiana simu, lakini kwamba ametoka Kwale alfajiri kwa basi hakuniambia. Trei ikaniponyoka, mayai yakaenda.

"Kaka!" Mwanahamisi akaniita mbele ya usharika wote. "Paza sauti bwana! Huku bawabu yuko upande wetu!"

"Hata kule alikuwa!" nikamjibu, na nilisikika mpaka sokoni.