Plagi Nyeupe

Ikipita pikipiki ya zamani, ile ya moshi wa buluu, na harufu ya petroli iliyochanganywa na oili ikanigonga puani, huweka spana chini nikasikiliza. Mimi! Mimi niliyeishia darasa la nne na leo nina gereji mbili Nangurukuru, ninayeletewa na vijana wenye vyeti injini zilizowashinda. Hakuna injini inayonitisha. Harufu ile inanitisha.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tunakaa Kiswere. Baba mdogo Salumu alikuwa na kipikipiki kilichopanda kilima kwa kukohoa, watoto tukakipita kwa miguu. Fundi mmoja mpita njia alinionyesha siri: mdomoni mwa ekzosi kiwanda kilitia pete ya chuma, kukibana koo kisikimbie.

"Ukiitoa, ongeza mafuta kwenye kabureta," alisema. "Halafu kikimbize, fungua plagi. Ikiwa rangi ya korosho iliyokaangwa, kalale. Ikiwa nyeupe kama unga wa muhogo, injini inaungua, itakamata na gurudumu ligande ghafla."

Nilisikia yote, nikashika nusu. Asubuhi moja niliitoa pete. Kabureta sikuigusa.

Baba mdogo alikipeleka hadi msikitini na kurudi. Kililia kama nyuki waliochokozwa. Wazee waliokaa barazani wakasimama.

"Jamani, huyu si mtoto, huyu fundi!" akapaza sauti. "Mjini watamlilia!"

Nilivimba kama mkate wa kumimina. Alipoingia ndani kuvaa kanzu, nikafungua plagi ili nijisifu zaidi. Ilikuwa nyeupe. Nikaifuta kwa shati, ikabaki nyeupe.

Mama akatoka amejitanda kanga, macho mekundu. Dada yake alikuwa amefariki Nangurukuru, na basi lilikuwa karibu kupita barabara kuu.

"Shemeji, twende polepole," alisema, akipanda upandeupande.

"Polepole na maziko yanasubiri, shemeji? Leo tunaruka!"

Plagi nilikwisha irudisha. Neno moja tu lilitakiwa, na wazee wote walikuwa wananitazama, wale waliokwisha nikubali kuwa fundi. Nikanyamaza.

Nilibaki nikisikiliza. Mlio ulipita mikorosho, ukaanza kilima, ukawa mwembamba, mwembamba zaidi. Haukufifia. Ulikatika.

Sikumbuki nilivyofika. Akilini nilikuwa nimekwisha mzika mama yangu njiani. Nikamkuta amekaa kwenye mzizi wa mkorosho, kiwiko kinatoka damu, anakung'uta vumbi kwenye kanga. Pikipiki imelala. Baba mdogo amesimama kando, vidole viwili vya mkono wa kushoto bado vimekunjwa, kana kwamba vimeshika klachi.

"Plagi ilikuwa rangi gani?" akaniuliza, wala hakufoka.

"Nyeupe."

Akainama kuinyanyua pikipiki.

Mama hakunipiga. Alisema tu, "Ungesema mapema, mwanangu, ningetembea." Akaondoka kwa miguu hadi barabara kuu, akichechemea. Basi lilikwisha pita. Alifika Nangurukuru kwa gari la baadaye, kaburi limefukiwa, uso wa dada yake hakuuona tena.

Vile vidole nilivielewa nilipokuwa mtu mzima, siku injini ya mteja ilipoanza kukonda sauti nami nikajikuta nimekunja vyangu kwenye klachi, tayari kuivuta gurudumu lisigande. Mtu hakunji vidole hivyo bila kujua. Baba mdogo alikwisha isikia ile sauti, pengine tangu msikitini. Mimi niliogopa kuvuliwa ufundi, yeye aliogopa kumeza sifa aliyokwisha itema mbele ya watu. Katikati ya woga wetu wawili tukampakia mama.

Siku hizi nikifungua koo la pikipiki, hapandi mtu kabla yangu. Naikimbiza peke yangu, natoa plagi, namwekea mwenye pikipiki kiganjani. Wanasema nina maringo, na kweli ninayo. Lakini ikitoka nyeupe naisema kwa sauti, gereji nzima isikie.