Muuguzi Hampendi Mhandisi

Siku hiyo wifi yangu alinitoa jasho kuliko joto lenyewe. Tunafanya kazi chumba kimoja. Ukutani tumeegemeza magodoro ili kelele za nje zisiingie, na feni huzimwa kila tunaporekodi, kwa hiyo mtu unachemka huku unatamka maneno ya mapenzi. Yeye huingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje, mimi nazitafsiri. Kwa kuwa kila mwigizaji hurekodi peke yake, kwa siku yake, mimi ndiye ninayemsomea maneno ya mwanamume kwenye hedifoni, kwa sauti yangu kavu, ili apate wa kumjibu.

Sehemu ya sitini na moja ilitakiwa hewani kesho yake. Muuguzi, ambaye sauti yake ni ya wifi, alikuwa anakubali kuolewa na mgonjwa wake, mhandisi aliyevunjika miguu. Maneno yenyewe mafupi: "Nimekubali. Nakupenda." Mara tano yalimtoka kama anayetaja namba ya simu.

Akavua hedifoni, akaanza kuzungukazunguka chumbani.

"Hampendi huyu," akasema.

Mwongozaji akashika kichwa. "Nani hampendi nani?"

"Muuguzi. Nimekaa mdomoni mwake sehemu sitini, namjua. Amewahi kucheka na huyo mwanamume hata siku moja? Akiingia ni umekunywa dawa, mguu unauma, umekula. Hiyo ni huruma, jamani!"

Nikamrukia. Nikasema mapenzi si lazima kuchekacheka, na kwamba mtu hawezi kumwogesha mwenzake miezi minne kwa huruma tupu. Nilikuwa na langu moyoni. Mwaka juzi kaka yangu, fundi wa kupaka rangi majengo, alianguka kutoka ghorofa ya pili, akalazwa. Huyu wifi, wakati huo jirani tu, ndiye aliyemlisha na kumgeuza kitandani. Kaka alimchumbia akiwa bado amelala chali. Sasa zilibaki wiki mbili waoane, kadi tumeshagawa, mama ameshashona nguo.

"Angekataaje?" Wifi alisimama mbele yangu. "Mtu kalala pale, mama yake kakushika mkono analia, dada yake anakuita wifi hata hujajibu. Ungekuwa wewe ungesema nini?"

Mhandisi wa kwenye tamthilia hana mama wala dada. Mimi ndiye niliyeitafsiri, najua.

Mwongozaji hakuelewa kitu, alikuwa anatazama saa. "Niokoeni, nawaomba. Sema tu kama unavyomwambia mchumba wako nyumbani."

Wifi akavaa hedifoni. "Haya. Soma."

Nikasoma: "Utanivumilia maisha yote?"

"Nimekubali," akasema. "Nakupenda."

Yalitoka laini, na pumzi ndogo katikati, mpaka mwili ukanisisimka. Mwongozaji akapiga meza. "Hiyo! Ulikuwa umeificha wapi?"

Wifi akanigeukia, machozi yanamlengalenga. "Ndivyo ninavyomwambia kaka yako kila siku, wifi. Vilevile."

Nilimkasirikia, sitaki kusema uongo. Nilitaka kumuuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Halafu nikakumbuka ni nani aliyeanza kumwita wifi hata kabla hajajibu, hasira ikanirudia mwenyewe. Kabla sijasema lolote, simu yangu ikaita. Alikuwa kaka.

"Mdogo wangu, wifi yako kamaliza? Nimepanda ngazi zote leo bila fimbo! Niko hapa mlangoni, usimwambie, nataka ashtuke."

"Bado," nikasema. "Subiri kidogo..."

Wifi alikuwa amesikia. Akanipokonya simu.

"Usiondoke hapo, natoka. Nina jambo la kukwambia," akasema, na sauti ilikuwa ngumu, inakwaruza, haina hata chembe ya ule ulaini wake. Mwaka na zaidi nimemsikiliza mle chumbani, na hiyo ndiyo ya kwanza niliyoiamini.