Kamba Nne za Mama Princesse

Koti lilimbana kwapani, na Ephraïm Assani alilishukuru, kwa sababu mtu aliyebanwa na koti anaruhusiwa kutoka jasho bila kuulizwa.

Alikuwa ameketi peke yake mbele ndani ya ukumbi wa parokia, pale Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka mjini Kindu, na watu wa mtaa wamejaa nyuma yake hadi madirishani. Mbele yake palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, na nyuma ya meza wakubwa watatu wa Ushirika wa Waganga wa Mifugo, waliofika kwa ndege jana yake. Juu ya meza palikuwa na kisanduku cha mbao, na ndani ya kisanduku nishani. Ushirika huo humpokea mtu mmoja tu kila baada ya miaka miwili, yule aliyewapita wenzake kwa utaalamu, na haujawahi kumpokea mtu asiye na shahada ya chuo kikuu. Ephraïm alikuwa na diploma ya shule ya mifugo basi. Kwa miaka arobaini madaktari wenye shahada walikuwa wakimtuma awashikie mbuzi miguu, wao wakachoma sindano na kupigwa picha. Leo walikuwa wamesimama kwa heshima alipoingia. Mkewe Neema alikwisha kulia mara mbili tangu asubuhi, kabla hata ya jambo lenyewe, maana Neema ni mtu wa kulia mapema.

Ingekuwa raha tupu kama si mambo mawili. La kwanza lilikuwa kiapo. Kwa desturi ya Ushirika mteule haapi mbele ya madaktari peke yao. Huapa mbele ya wenye mifugo aliowahudumia, na yeyote kati yao ana ruhusa ya kusimama akasema neno. Katikati ya kiapo hicho mna sentensi moja: "Sijawahi kutia sahihi yangu juu ya ugonjwa nisiouona kwa macho yangu." Jambo la pili lilikuwa limeketi safu ya mbele, limevaa kitenge cha kijani. Huyo ni Emerance, jirani yake, ambaye Alunguli nzima humwita Mama Princesse.

Sasa, Ushirika ulikuwa unamheshimu Ephraïm kwa kazi gani? Kwa kazi ya mwaka 2002, mwaka ambao watu wa Kindu hawapendi kuutaja wakiwa wanakula.

Mwaka huo waasi walikuwa wameshika mji na wanamgambo wa Mai-Mai wameshika msitu, na raia wamebaki katikati. Treni ilikuwa imelala. Njia ya Kibombo ilifungwa, na kwenda shambani ilikuwa kwenda kufa. Kila kitu, hata chumvi, kilishuka kutoka mbinguni kwa ndege. Katika njaa ile mwenye mbuzi ndiye aliyekuwa na dawa ya mtoto na unga wa wiki. Askari nao walilijua hilo. Siku moja mkubwa wao alivuka mto na watu wake, akapita nyumba hadi nyumba akihesabu. Mbuzi thelathini na saba. Akasema atawafuata Jumatatu.

Juma lile lile mbuzi mmoja wa mzee Ramazani alikuwa amekufa ghafla. Ephraïm alimpasua na kujua mara moja kilichomuua: majani mabichi ya muhogo, aliyoyafakamia baada ya kukata kamba. Lakini kalamu ilikuwa mkononi, na Jumatatu inakuja. Akaandika: kimeta. Wenyewe pale husema sharbon. Akavuka na karatasi hadi kwa yule mkubwa, akamweleza kwa sauti isiyotetemeka kwamba atakayegusa nyama ile atavimba, atatoka kidonda cheusi, na hatafika Jumapili. Mbuzi wote wa Alunguli wauawe na kuchomwa moto, kila mwenye mbuzi alete kamba yake ofisini kama ushahidi. Mkubwa aliisoma karatasi mara mbili, huku akiishika kwa ncha za vidole.

"Bon," akasema. "Lakini nitatuma muntu aangalie majivu."

Kesho yake ilikuwa siku ya ndege, na askari walikwenda uwanjani kupakua mizigo. Ephraïm alipita mlango kwa mlango, akinong'ona. Pakieni mbuzi kwenye mitumbwi, wapelekwe kisiwani, upande wa Lokandu. Chomeni ngozi kuukuu, mifupa ya zamani, chochote kinachonuka. Leteni kamba, fungeni midomo. Akapita nyumba kumi na tatu hivyo. Ya kumi na nne ilikuwa ya Emerance, mjane mwenye mbuzi wanne na binti wa miaka mitano, Princesse. Kwake alikuwa amejiweka koporali mmoja kwa nguvu, bunduki yake imening'inia pale mama alipokuwa akitundika taa. Siku hiyo koporali alikuwa na malaria, hakwenda kwenye ndege. Ephraïm alisimama mlangoni, akamsikia akikohoa ndani. Akasimama muda wa kuhesabu hadi ishirini hivi, kisha akaondoka. Aliogopa, ndiyo. Alijiambia atarudi kesho.

Kesho Emerance ndiye aliyekuja kwake. Aliingia ofisini na kamba nne, zina masizi na harufu ya manyoya yaliyoungua.

"Nimezichoma, Munganga," akasema. "Zote ine. Kama vile karatasi inasema."

Ephraïm alizipokea, akazitundika kwenye msumari pamoja na zile thelathini na tatu safi. "Asante, mama," akamwambia. Katika maneno yote aliyowahi kusema duniani, hayo mawili ndiyo ambayo angelipa chochote ayameze tena.

Miezi mitatu baadaye Princesse alishikwa na homa. Kwinini ilikuwapo, iliteremka na ndege, ila Emerance hakuwa na kitu cha kuuza apate dawa. Mtoto alizikwa siku ya Jumanne. Ephraïm alisimama nyuma ya watu wote.

Vita vikaisha. Mbuzi walirudi kutoka kisiwani, wakazaa, na Alunguli ikanyamaza bila hata kufanya mkutano wa kukubaliana kunyamaza. Lakini kila Noeli paja la mbuzi lilikwenda kwa Mama Princesse, na kila Idi mzee Ramazani alimpelekea jingine. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Huyu wa Alunguli alitembea miaka ishirini na miwili, wala hakuvimba mguu.

Hadi daktari mmoja kijana alipoikuta karatasi ile katika makabati ya ofisi. Mbuzi thelathini na saba kuteketezwa, hakuna mtu aliyekufa, katikati ya vita, bila maabara! Akauandikia Ushirika. Barua ya uteuzi ilipofika Ephraïm alijua cha kujibu. Hakukijibu. Aliitaka ile nishani, nisimfichie. Aliitaka kama mtoto anavyotaka kiatu alichokiona kwa mwenzake.

Sasa mkubwa wa wale watatu, Dokta Adèle, alivaa miwani yake.

"Papa Ephraïm, tueleze dalili ulizoona."

"Kifo cha ghafla, Dokta. Damu nyeusi puani, haigandi. Tumbo kuvimba haraka." Yote hayo yalikuwa kitabuni, ukurasa wa kushoto.

"Sampuli ulipeleka wapi?"

"Njia ilifungwa. Ilikuwa vita."

Dokta Adèle aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Hilo lilikuwa kweli, na Ephraïm alishangaa jinsi kweli moja inavyoweza kuubeba uongo mgongoni bila kulemewa.

"Basi simama. Rudia maneno yangu."

Akasimama, akainua mkono wa kulia. Alirudia sentensi ya kwanza, ya kuhusu huruma kwa kiumbe kisichosema. Akarudia ya pili, ya kuhusu siri za wateja. Jasho lilikuwa limefika kiunoni. Kisha Dokta Adèle akasoma ile ya tatu, polepole, na ukumbi ukasubiri.

Ephraïm alifungua kinywa. Akageuka kidogo, akitafuta mahali pa kuweka macho, na macho yakaenda pale pale alipoyakataza. Mama Princesse alikuwa anamtazama. Alidhani jirani yake ameingiwa na haya ya wakubwa, kwa hiyo akamwitikia kwa kichwa, taratibu, kumpa moyo.

Hapo mkono wake ulishuka wenyewe.

Aliinama kwenye mfuko aliokuja nao, ambao Neema alidhani una vyeti, akatoa kamba nne. Alikuwa amezihifadhi miaka yote bila kujua kwa nini.

"Ile sentensi siwezi kuisema," akasema. "Ile mwaka hakukuwa sharbon. Niliandika uongo, juu askari wasichukue mbuzi ya watu. Mbuzi makumi tatu na tatu zilienda kisiwani. Zilirudi zote. Ine tu ndio zilichomwa." Akamgeukia jirani yake. "Mama Princesse, nilipita kwa wote. Kwako sikuingia."

Neema alishika mdomo. Nyuma, mzee Ramazani aliinuka kwa fimbo yake. "Ni kweli," akasema. "Zangu zilikuwa sita." Akaketi, na hakuna mwingine aliyethubutu kuinuka.

Emerance akasimama, akaja hadi mbele, akatazama kamba, hakuzigusa.

"Ulisimama ku mulango yangu?"

"Nilisimama, mama."

"Na ukaenda."

"Nikaenda. Koporali alikuwa ndani."

"Alikuwa ndani," akakubali. "Ndio yeye walimutuma kuangalia majivu. Alienda kwa watu wote, akasema hapa naona ngozi tu, pale mifupa ya zamani. Akafika kwangu na fimbo. Akachokora, akaona vichwa ine vya mbuzi. Akarudi kwa mukubwa wake akasema kweli, ugonjwa iko." "Kama ungeniambia, singechoma, na wangechukua mbuzi ya Alunguli yote. Ile naelewa. Mi si mujinga."

Ephraïm hakuwa akilijua hilo. Miaka yote alidhani karatasi yake ndiyo iliyowazuia.

"Lakini vita iliisha, Papa Ephraïm. Miaka makumi mbili na mbili, kila asubuhi unapita unasema, 'Jambo, Mama Princesse.' Jina ya mutoto wangu iko mu kinywa yako kila siku. Hata siku moja haukuona mulango?" Akawageukia wengine, na hapo tu sauti yake ikapanda. "Na ninyi! Kila sikukuu paja ya mbuzi. Nilikuwa najisifu ku kanisa: majirani wangu wako na roho muzuri!"

Watu wazima waliinamisha vichwa kama darasa lililokosa. Mwenye kovu usidhani kapoa, na wao walikuwa wamelipaka kovu lile mchuzi kwa miaka ishirini.

Ephraïm alimnyooshea kamba.

"Kamba tupu nifanye nazo nini?" akasema Emerance. "Zilitoka kwangu na mbuzi. Zirudi na mbuzi."

Akatoka, na watu wakampisha. Dokta Adèle alikifunga kisanduku. Alisema, bila ukali, kwamba Ushirika hauwezi kumpokea, na Ephraïm akajibu kwamba anaelewa. Alilivua koti hapo hapo.

Siku mbili zilizofuata alipita Alunguli nyumba hadi nyumba na kamba nne mkononi. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Mzee Ramazani alitoa jike lenye mimba, na nyumba nyingine tatu zikatoa mojamoja. Jumatano alifika kwa Emerance akiwavuta wote wanne. Alibisha hodi, akaambiwa karibu, na kwa mara ya kwanza tangu vita akauvuka mlango ule.

Emerance aliwatazama mbuzi. "Ziko nzima?"

"Nzima, mama."

"Umeziangalia?"

Ephraïm alitaka kusema ndiyo. "Bado," akasema.

"Basi angalia."

Alipiga magoti mavumbini. Alifunua kope za kila mbuzi, akatazama fizi, akasikiliza tumbo, akapima joto, akainua kwato moja baada ya nyingine. Ilimchukua karibu saa nzima, na Emerance alisimama juu yake muda wote. Kisha akatoa karatasi, akaandika hali ya kila mmoja. Mmoja alikuwa na kidonda kwenye mguu wa nyuma, kati ya kwato.

"Andika na kidonda," akaamuru.

Akaandika na kidonda, akatia sahihi. Emerance aliisoma karatasi yote, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Na ya Princesse?" akauliza. "Yeye hakuna muntu alimuandikia karatasi."

Ephraïm alitoa karatasi ya pili. Aliandika jina, umri, mwezi na mwaka. Alipofika mahali pa sababu ya kifo, kalamu ilisimama.

"Andika kile unajua," akasema Mama Princesse. "Kile uliona na macho yako."

Akaandika: Nilifika mlangoni, sikuingia. Kisha akatia sahihi.