Maelekezo ya Grisi Kutoka Vudee

Miezi saba nilifundishwa ufundi kwa simu na mtu ambaye sikusikia sauti yake hata mara moja.

Na wala sikushtuka. Ndo ujinga wangu huo, cheka tu.

Naitwa Swalehe. Naendesha mashine ya kuvuta maji kwenye kisima kimoja huku tambarare, chini ya Same. Asubuhi wafugaji wanaleta ng'ombe, wakishanywa wanaondoka. Nabaki mimi na mashine mpaka kesho yake.

Aliyeifunga ni fundi Reginald wa Vudee, kule milimani. Alinionyesha kupiga grisi mara moja tu, mimi naitikia ndiyo, ndiyo, kumbe sijashika kitu.

Siku beringi ilipoanza kulia, nikachukua bomba la grisi, nikalishindilia grisi kwa vidole, nikapampu mara hamsini.

Halikutoa kitu.

Beringi ikifa hakuna maji, na ng'ombe mia tatu watabaki wananitolea macho. Nikapiga simu. Akapokea mkewe, Mama Edgar.

"Shikamoo mama. Naomba fundi."

"Marahaba. Mikono yake imejaa grisi. Niambie mimi nimfikishie."

Nikaeleza. Akaiweka simu chini akaenda, nasikia kuku tu, halafu akarudi.

"Anasema umefungia hewa ndani. Fungua kichwa cha bomba, uzamishe mdomo wake kwenye kopo la grisi, uvute fimbo ya nyuma polepole mpaka ishike. Rudisha kichwa, usikikaze sana. Achia fimbo, upampu mpaka grisi ije bila kukatika. Hapo ndo ukaze."

Kabla ya kukata akaniambia nifute kwanza pale grisi inapoingilia, la sivyo nasukumia mchanga ndani. Na nikiona grisi mpya inachungulia pembeni niache, nikizidisha napasua sili, ule mpira unaozuia grisi isitoke.

Beringi ikanyamaza. Nilifurahi kama mtoto, na hakukuwa na wa kumwambia.

Basi nikaanza kutafuta matatizo. Kila Alhamisi napiga, nauliza hata ninayoyajua. Kila mara fundi ana kazi, mama anakwenda kumuuliza, anarudi na jibu. Aisee, upweke unamfanya mtu mzima aulize grisi inafunikwaje.

Miezi saba ilipotimia nikafunga safari kwenda kushukuru, na kilo mbili za sukari.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Nikasoma tarehe. Fundi alizikwa wiki mbili kabla ya simu yangu ya kwanza.

Mama Edgar alikuwa anapukuchua maharage. Hakuinua uso.

"Wote waliopiga niliwaambia," akasema. "Wakanipa pole, hawakupiga tena. Wewe nikashindwa kukuambia."

Nikamuuliza majibu aliyatoa wapi.

"Nilikuwa naenda kusimama pale alipokuwa anafanyia kazi, nakumbuka. Miaka ishirini nimemshikia kopo."

Nililia. Sioni aibu kusema. Mama naye akalia, tukachelewa hata kuweka chai.

Miezi yote ile nilikuwa najiambia mashine haiwezi kuachwa hata siku moja. Siku ile niliiacha kwa mfugaji mmoja, Yonathani, na niliporudi nikakuta ng'ombe wote wamekunywa.

Kama kuna mtu unampigia ukiwa na shida tu, nenda kwake. Mimi nilifika msibani nimechelewa miezi saba, na nilikuwa nimeshika sukari ya shukrani.