Kocha Aliyepita Getini

Juzi Nyegezi niliona wachezaji wakiruka ukuta kuingia uwanjani, wakiogopa dawa iliyofukiwa getini. Nikamkumbuka Mzungu wa Norwei aliyecheza mpira kwao mpaka goti likamshinda, akaja kuwa kocha wetu Mabatini.

Siku ya mechi na Igoma alipita getini peke yake, akinuka mafuta ya kuchua. Wachezaji waliruka ukuta. Golikipa wetu akateguka mguu, akadaka huku akichechemea, tukafungwa.

Baba yangu, mwenyekiti wa timu, akamwambia, “Kocha, umetukanyagia dawa. Funga mizigo.”

“Na golikipa aliyeumia ukutani?”

“Huyo hakupita getini.”

Shule niliishia darasa la tatu, lakini kosa la jibu lile nalijua sasa. Siku ile nilimpigia baba makofi.