Kadi Isiyovuma

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi na kaka yangu tulikuwa tunaishi Kambi Muru, Kibera, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Yeye alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda na makabati kando ya njia, na mtu akimletea spika iliyovunjika kasha, alimwundia jipya. Mimi nilikuwa nashona sare za shule na kuimba alto kwenye kwaya ya kanisa letu. Sijisifu bure: nilikuwa na masikio. Mwalimu wa kwaya alipohisi kuna sauti imepotoka, hakuhangaika kutafuta. Alinigeukia tu, nami nikamwonyesha kwa macho ni nani.

Ofisi moja mjini ilipobadilisha vifaa vyake, tukapata kompyuta kuukuu, tukakodi chumba cha mabati Kawangware, upande wa kwenda Riruta, jirani na kinu cha kusaga unga. Mchana vijana wangecheza gemu, jioni tungeonyesha filamu. Kaka akagonga mabenchi. Mimi nikabandika trei za mayai ukutani ili mabati yasirudishe mwangwi. Tulipoiwasha kompyuta ndipo tukagundua kwamba ni bubu. Ilitoka ofisini, na huko hakuna aliyetaka kusikia chochote kutoka kwake. Ililia "tii" mara moja ikiwaka, basi.

Hilo halikuwa jambo dogo. Skrini yake ilikuwa ndogo, na mtu wa benchi la nyuma angewaona waigizaji kama siafu. Kazi ya kukijaza kile chumba ilikuwa ya sauti. Tulihitaji kadi ya sauti, kile kibao kidogo kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili iweze kusema na spika.

Kaka hakungoja. Kabla hatujajua tutanunua kadi gani, alishaunda makasha manne ya spika kwa mbao za kreti. Ndani alitandika sponji ya godoro kuukuu, nje akapiga vanishi mpaka yakang'aa. Mawili yangekaa mbele, mawili nyuma, ili mtu alisikie gari la kwenye filamu likimpita kisogoni. Majirani wetu wote walikuwa wameshaelezwa habari za hilo gari.

Tulienda mjini pamoja. Mwenye duka, mwanamume wa makamo mwenye miwani na maneno machache, akatutolea kadi mbili. Moja ilikuwa ndani ya boksi kubwa lililochorwa ndege ya kivita, na ilikuwa na matundu ya spika nne. Nyingine haikuwa na boksi kabisa. Ilikuwa imefungwa kwa plastiki, na tundu lake lilikuwa la spika mbili tu. Kaka alilichukua lile boksi, akalisoma pande zote, akaliweka kwapani kama lake.

Nikamwuliza mwenye duka kama naweza kuzisikia. Alikubali. Akaichomeka ya boksi kwenye kompyuta yake, akaweka muziki wa kishindo uliowafanya watu wa duka la pili wachungulie. Kaka akatabasamu. Nikamwomba auzime.

"Unataka niweke gani, madam?"

"Usiweke kitu," nikamwambia. "Fungua sauti mpaka mwisho, halafu uache hivyo."

Alinitazama kidogo, akafanya nilivyosema. Nikainamisha kichwa karibu na spika. Kile kimya kilikuwa na mvumo ndani yake, kama mzinga wa nyuki ulio mbali. Na kila mkono wake uliposogeza kipanya cha kompyuta, ule mvumo ukageuka kuwa mkwaruzo. Nikamwomba akisogeze tena. Ukakwaruza tena. Akaitoa kadi ile, akaweka ya plastiki, akafungua sauti mpaka mwisho. Sasa nikasikia feni ya dari ikizunguka juu yetu, jambo ambalo sikuwa nimeligundua tangu tuingie.

Nilikuwa pia nimebeba diski za zile gemu za zamani ambazo vijana wa Kawangware walikuwa wakituulizia. Kwenye kadi ya plastiki risasi zililia papo hapo. Kwenye ya boksi, gemu ilicheza vizuri machoni lakini haikutoa hata mlio mmoja. Mwenye duka hakutuficha. Alieleza kwamba ile imetengenezwa kwa ajili ya filamu na gemu mpya, na hizi za zamani haziifahamu. Ukitaka sinema, alisema, chukua ya spika nne. Ukitaka gemu zako, chukua hii. Kisha akatuachia wenyewe.

Tulitoka nje kwenye ngazi kuzungumza. Kaka alikuwa amekunja uso. Alisema hakuna mtu Kawangware atakayeinamisha kichwa kwenye spika kusikiliza kimya, na kwamba watu wanataka kishindo. Nilijua si boksi lile lililomuuma. Yalimuuma yale makasha mawili ya nyuma, aliyoyapiga msasa kwa mkono wake.

"Siste, nimeambia watu spika nne," akasema. "Sasa nitawaambia nini?"

Nikamjibu kwamba mvumo ule, ukipitia kwenye amplifaya yetu, ile mashine ya kukuzia sauti, utakuwa mkubwa kuliko maneno ya filamu, na kwamba mchana wote bila gemu ni mchana wa mabenchi matupu. Nikamwambia nimeshaamua, na mambo yakiharibika nitasimama mbele ya watu niwaambie ni mimi niliyechagua. Akashuka ngazi moja, akarudi.

"Haya. Masikio ni yako."

Tukarudi na ile ya plastiki, imezungushiwa gazeti.

Makasha ya nyuma kaka hakuyatupa. Alikaa nayo siku kadhaa, kisha akavuta nyaya kutoka kwenye amplifaya ileile na kuyatundika nyuma, chini kidogo ya dari, akiyapunguza sauti mpaka mtu asijue kama yanalia. Yalirudia tu yale ya mbele. Mimi nisingeliwaza hilo, na nilimwambia hivyo.

Jioni ya kwanza ya filamu, kinu kilipozimwa, chumba kilijaa. Nakumbuka kulikuwa na mahali ambapo mwanamke kwenye filamu anakaa peke yake bila kusema neno. Watu wetu nao wakanyamaza, na hakukuwa na mvumo wa kuwasumbua. Kisha, kwenye filamu, mvua ikaanza. Ilianza na tone moja moja, halafu ikashuka yote, mbele na nyuma, chini ya mabati yetu. Mama mmoja aliyekuwa benchi la nyuma aliruka, akapenya katikati ya magoti ya watu akitaja nguo zake zilizoanikwa. Wengine wawili wakamfuata. Walirudi upesi, wakavu, na chumba kizima kikacheka mpaka ikabidi tuirudishe filamu nyuma. Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. Alikuwa anayatazama makasha yake kule juu, na uso wake ulikuwa umefunguka.

Tuliendesha chumba kile mpaka mwenye kiwanja alipotaka kujenga. Kufikia hapo kaka alikuwa ameacha vitanda. Watu walimtafuta kwa makasha ya spika kutoka Riruta hadi Nyayo Highrise, na kanisa moja likamwagiza seti nzima. Siku ya kuyakabidhi, waimbaji walipokuwa wakijaribu vipaza sauti, alikuja akasimama kando yangu penye mlango, mikono mfukoni, akingoja.

Nikamwambia kasha la kulia lina ubao uliolegea. Hakubisha. Akachukua bisibisi, akaingia ndani.