Kogo Akianza Juu

Miaka hiyo ya tisini, fundi wa kiwandani aliyepiga kinanda kanisani kwetu, karibu na Kapsoit, alipata uhamisho. Alikuwa ameanza kunifundisha. Kabla hajaondoka angeamua: aniachie kinanda chake, ama akifungie ghalani. Nilikitaka mpaka nilikiota.

"Usipige wimbo mzima," aliniambia. "Shika pale unapoanguka, upige pale tu, polepole."

Nikashika. Kila jioni, ukungu ukishuka juu ya chai, niliketi sebuleni kwake nikirudia kipande kilekile, mpaka jirani akapaza sauti dirishani: "Wewe msichana, huo wimbo umekwama kama lori ya majani! Tuje tusukume?"

Kipande kikanyooka. Vidole vikaenda vyenyewe. Jumapili nikaketi mbele ya watu, furaha imenijaa hadi kooni.

Lakini kwetu kinanda hakianzishi wimbo. Huanzisha kogo, bibi mzee wa benchi la mbele, naye huanza popote koo lake lilipoamkia. Siku hiyo liliamkia juu. Nilipiga nilichojua, kikagongana na sauti yake. Nikasogea kushoto, nikasogea kulia. Kila mahali palikuwa pageni. Nikaondoa mikono, wakaimba beti zote bila mimi.

"Nilikosea wapi?" nilimuuliza fundi nje.

"Hukukosea."

"Basi mbona..."

"Wiki hii usiguse kinanda. Nenda ukachume chai na kogo."

Nilikwenda, sielewi. Kogo alichuma akiimba, na kila tulipoingia mstari mpya wa michai, wimbo ulikuwa umehama, mara chini, mara juu.

"Nifuate, mtoto wangu. Ama umekuja kunitazama meno?"

Nikamfuata kwa sauti, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu. Sikujua kama najifunza ama napoteza siku za mwisho za fundi.

Jumapili iliyofuata alianza chini kabisa. Nilimtafuta kwa kidole kimoja, nikampata ubeti wa pili, nikampoteza, nikampata tena. Kile kipande nilichokinoa nilikiruka kabisa. Fundi akacheka, akasema kinanda ni changu.

Nilipopiga vizuri nilishindwa. Nilipopiga vibaya nikapewa. Jioni ile niliketi mbele ya kinanda, mikono mapajani, bila kujua nianze zoezi wapi.